Zamu Tatu za Maombi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnanijua, kusema mbele za watu kwangu ni kazi nzito, ndiyo maana nimeandika.

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, tukitoka shule hapa Kibiti. Rafiki yangu Mwanahawa aliniuliza, wala si kwa ubaya, "Shoga, nyie mna miungu mitatu, eti?" Nikamjibu tulivyofundishwa: Utatu ni kama yai, lina ganda, ute na kiini.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hee! Sasa na ganda mnalisujudia?"

Na Jumapili ile nilikuwa nibatizwe! Mama alishaninunulia gauni jeupe la mitumba, maana siku hizi sokoni imejaa. Nitazamishwaje kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, nami siwaelewi?

Nikajitungia dawa. Mama ni muuguzi, nimekulia kwenye zahanati na maofisi: kila shida na dirisha lake. Basi nikaomba kwa zamu. Asubuhi Baba, mchana Mwana, jioni Roho, asionewe mmoja. Ndugu zangu, moyo ulikauka! Ijumaa nikamwambia mchungaji sibatizwi tena.

Jumamosi mchana mdogo wangu Yona akashikwa na degedege. Mama anampangusa kwa maji, huku ananifokea, "Omba, we! Umesimama kama nguzo?"

Nikafungua mdomo. Mchana ni zamu ya Mwana. Lakini uhai si hutoka kwa Baba? Nikachanganyikiwa kabisa! Mara kitu kikapasuka ndani yangu, nikapiga kelele, "Baba! Kwa ajili ya Yesu, Baba!" Yaliyobaki yalikuwa kilio tu, maneno sina.

Yona akatulia, akanywa dawa, akalala. Ndipo nikamweleza mama habari yote ya zamu. Alicheka huku machozi yanamtoka.

"Ulimlilia nani, mwanangu?"

"Baba."

"Nani kakupa ruhusa ya kumwita Baba?"

"Yesu. Yeye ndiye Mwana."

"Na kilio kile, wewe unayeogopa hata kuitikia wimbo, ulikitoa wapi?"

Nikajua. Roho!

"Haya, uliomba miungu mingapi?"

"Mmoja, mama."

Haleluya! Baba si Mwana, Mwana si Roho, na Mungu ni mmoja, wala hana vipande. Sijayaelewa yote, lakini sikuachwa nje nikihesabu, niliingizwa ndani. Asante, Bwana! Nawe unayesubiri uelewe kwanza ndipo uombe, mlilie leo hii. Atakupokea.

Jumapili ile asubuhi nilikwenda kwa mchungaji na gauni langu mkononi, nikamwambia nipo tayari. Akasema niombe kwanza, pale pale mlangoni pa kanisa, watu wamejaa. Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti, bila zamu.