Mstari wa Wilaya Katika Fomu ya Hajara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya ya Koboko. Bwana Afisa Elimu. Shehe na Padri, mlioketi bega kwa bega kama mlivyoketi katika kila mahafali ya shule hii. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Concy, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi wa kidato cha sita, ambao Jumatatu mtajaza fomu za kuomba vyuo vikuu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa heshima ileile.

Nimeombwa nizungumze Kiswahili ili wazazi wanisikie bila mkalimani. Nimeombwa pia mambo mawili: niwashauri wanafunzi namna ya kuchagua masomo ya chuo wakiuangalia ufadhili kwa jicho moja na kazi kwa jicho la pili, kisha nikate utepe wa chumba kipya cha ushauri, ambacho juu ya mlango wake kuna kitambaa, na nyuma ya kitambaa kuna kibao chenye jina langu, Celestino Asiku. La kwanza nitalifanya. La pili siwezi, na sababu yake ndiyo hotuba yangu. Yupo binti aliyesoma hapa ambaye kwa miaka kumi na mmoja amebeba kosa lisilo lake. Baba yake ameketi safu ya tatu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimwendea nyumbani kumwalika. Sitaki kustaafu kabla kosa hilo halijarudi kwa mwenyewe.

Nianze na ushauri, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Mnauona ubao ule wa mbao, wenye majina ya waliopata ufadhili wa serikali. Ni ubao wa kweli. Hakuna jina la uongo pale. Lakini je, mmewahi kujiuliza kwa nini ubao unaonyesha mwaka wa kuingia chuoni, wala hauonyeshi kilichofuata? Jina la saba ni la Ronnie. Ronnie alisoma miaka mitatu kwa gharama ya serikali, shahada ambayo mimi nilimchagulia kwa sababu pointi zake zilitosha kuipata. Sikumuuliza ni nani katika mkoa wetu mzima wa West Nile anayemwajiri mtu wa shahada ile. Leo asubuhi Ronnie ndiye aliyenileta hapa kwa boda. Tulipofika kwenye mashimo ya pale sokoni akaniambia, "Mwalimu, shika digrii yangu vizuri, usianguke."

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, kisha njia nzima hadi getini nikawa nayahesabu majina ya ubao ule.

Kwa hiyo nawaambia: ufadhili si kazi. Ufadhili ni mlango, na mlango unaweza kufunguka kuelekea uwanja mtupu. Tafuteni kwanza kazi mliyomwona mtu akiifanya kwa macho yenu, au mliyoona haifanywi na watu wakaumia. Kisha ulizeni ni somo gani linafika huko. Kisha ndipo muulize ni nani analilipia somo hilo, hadi mwaka wa ngapi, na kwa masharti gani. Sisi tumezoea kuanza mwisho. Nanyi wazazi, nawaheshimu, ila namkumbuka mmoja wenu aliyeniambia kwenye nafasi za machaguo niandike daktari, daktari, daktari. Nilipomuuliza sababu akajibu, "Wakikataa ya kwanza na ya pili, ya tatu watasikia haya." Kule hawasikii haya. Wanasoma tu.

Nilimjua mwanafunzi mmoja tu ambaye alianza mwanzo. Jina lake Hajara, binti ya Mzee Swadiki, askari mstaafu mnayemwona pale mwenye kofia nyeupe. Mwaka 2014, wenzake walipokuwa wakibishana kati ya udaktari na sheria, Hajara aliandika uhandisi wa maji. Nilimwita ofisini nikamtaka ajieleze. Akasema, "Mwalimu, pampu ya kwetu imekufa mara tatu. Kila mara tunangojea fundi kutoka Kampala. Mwezi mzima. Mama yangu iko anaamka kwenda mtoni, na fundi iko anaoga huko kwao." Katika miaka thelathini na miwili ya kazi hii, hakuna mwanafunzi aliyenipa sababu iliyopimwa vizuri kuliko hiyo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa ninyi wa kidato cha sita. Katika fomu ile kuna mstari mmoja ambao watu huupita kama wanavyoipita nyumba isiyo na mtu: mstari wa wilaya ya nyumbani. Ufadhili wa serikali una njia zaidi ya moja. Wenye alama za juu kabisa huchukuliwa nchi nzima bila kuulizwa watokako. Kisha zipo nafasi chache za kila wilaya, ili mtoto wa huku mpakani ashindane na watoto wa kwao. Mstari ule ndio unaoamua umesimama kwenye foleni ipi.

Hajara aliandika Koboko. Mimi nikachukua kadi yake ya kliniki, nikaiweka kando ya fomu. Alizaliwa mwaka 1996, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo. Lakini mwaka 1996 Koboko haikuwa wilaya. Ilikuwa kaunti ndani ya Arua, na kadi ikasema hivyo: Wilaya, Arua. Wilaya hii ilizaliwa mwaka 2005, wakati Hajara anajua tayari kusoma na kuandika. Kadi haikuwa na uongo. Ilikuwa imezeeka, basi.

Nilimwambia karatasi mbili haziwezi kusema mambo mawili. Akanijibu, "Lakini, mwalimu, sisi nyumbani iko hapa. Hata kaburi ya babu iko hapa."

Nikamwambia, "Fomu haiulizi makaburi."

Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikakata Koboko kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika Arua, nikamwamuru atie saini pembeni. Akatia. Mnajua sisi wazaliwa wa Adumi, kule Arua: tulikua tukiita Arua kila kilichoko kati ya Nile na Kongo. Siku ile nilidhani ninasahihisha waraka. Ukweli ni kwamba niliandika mazoea ya kwetu juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Matokeo yakatoka. Hajara alipungukiwa kidogo sana kuingia kwenye orodha ya nchi nzima. Kwenye orodha ya Arua, penye shule kubwa na wanafunzi wengi, hakuonekana. Nikaitafuta orodha ya Koboko, nikaisoma kwa rula, mstari kwa mstari. Hajara alikuwa na alama nyingi kuwazidi wote waliokuwamo. Wote. Nilirudia kuisoma, kwa sababu ndivyo nilivyo, na mara ya pili ilisema lilelile.

Tukasafiri Kampala watatu: Hajara, Mzee Swadiki na mimi. Afisa mmoja wa ufadhili alitupokea vizuri. Akaiweka fomu mezani, akaweka kidole pale palipokatwa, akasema wazi: kama kosa ni la shule, shule iandike barua leo, mwalimu aliyehusika ajitaje, na ombi litatazamwa upya; kama ni la mwombaji mwenyewe, basi alihama wilaya kwa hiari akitafuta bahati kwingine, na jambo limekwisha. Kisha akauliza, "Nani alikata hapa?"

Ndugu wageni waalikwa, mwezi ule jina langu lilikuwa mbele ya kamati ili niwe naibu mwalimu mkuu. Sidai kwamba nililiwaza hilo. Sidai pia kwamba sikuliwaza. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba nilikuwa na jibu la neno moja, na nikaitazama kalenda iliyokuwa ukutani. Hajara alinitazama mimi. Alinipa muda. Nasema hivyo kwa sababu nimeurudia muda ule mara nyingi kuliko sala yoyote, na ulitosha. Ulitosha kabisa. Kisha akageuka kwa yule afisa, akasema, "Ni mimi."

Katika basi la kurudi, Mzee Swadiki alinipa kiti cha dirishani. Kwa heshima. Tulipovuka daraja la Pakwach akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, wewe iko mutu ya haki. Umeacha kazi yako kwa sababu ya mtoto hana akili." Hajara alikuwa kiti cha nyuma yetu. Alisikia. Sikumsahihisha mzee. Mwaka ule nikawa naibu mwalimu mkuu.

Leo Hajara yuko Oraba, pale mpakani, anajaza nyaraka za malori yanayovuka kwenda Kaya, Sudan Kusini. Mawakala wa forodha pale wana utani juu yake. Wanasema karatasi ya Hajara hairudi, hata lori likiwa bovu. Karatasi zake hazina kosa. Ninyi mnaweza kufikiri ni kipaji. Mimi ninajua alikojifunza kuogopa mstari mmoja. Na pampu ya kwao? Imekufa tena, huu ni mwezi wa pili. Wanangojea fundi.

Mtaniuliza: kwa nini usiseme mapema? Kwanza nilingoja mambo yapoe. Yalipopoa, nikaona si vizuri kuyapasha moto. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa imepangwa vizuri, maana mimi ni mtu wa kupanga. Juma lililopita nilimpigia Hajara simu nikamwambia nitalisema leo, na kumwomba aje. Akasema, "Mwalimu, mimi siku hiyo iko na malori. Wewe sema. Si kwangu. Sema kwa baba. Tangu Kampala yeye anaita mimi kama mtu anaita jirani." Kisha akaongeza jambo kuhusu mdogo wake Yangi, ambaye yuko hapa, kidato cha sita, safu ya mwisho. "Fomu ya Yangi nimejaza na penseli. Wilaya nimeandika. Mwambie walimu wasiguse." Akakata simu.

Walimu wenzangu, mmesikia. Lisomeni lolote, ulizeni lolote, lakini kalamu ibaki mkononi mwa mtoto. Na mtoto akikuambia kaburi la babu yake liko wapi, jua kwamba ameshajibu swali la fomu.

Mzee Swadiki. Nilikualika kama mgeni wa heshima, ukaja na kofia mpya. Samahani kwa hilo pia. Hajara hakuikata Koboko. Aliiandika, akaitetea mbele yangu kwa maneno yake, na aliyeikata ni mimi, kwa mkono huu. Kule Kampala hakusema uongo kwa kukosa akili. Alimfunika mwalimu wake mbele ya baba yake aliyemwamini mwalimu huyo. Kiti cha dirishani kilikuwa chake. Siombi unisamehe, hilo lingekuwa kukupa kazi nyingine. Naomba tu ujue mtoto uliyenaye.

Mwalimu Mkuu, kile kitambaa kibaki kilivyo hadi fundi atakapokuja kukibandua kibao. Chumba hakihitaji jina. Kinahitaji orodha ya wilaya zote za nchi hii, zikiwa na mwaka ambao kila moja ilianzishwa, ibandikwe pale ambapo mwanafunzi na mwalimu wataiona pamoja.

Naona Mzee Swadiki amesimama. Mwacheni apite. Tafadhali, msimpigie makofi, na mtu asimfuate. Yangi, baki hapo ulipo, mwanangu. Una mtihani wa kujiandaa nao.

Ronnie, bado uko getini? Washa pikipiki. Mpeleke mzee Oraba, kwa Hajara.

Nanyi mliobaki, mmenivumilia hadi neno la mwisho, nami nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.