Mama Mbelu, Aliyesimamisha Filamu Mlangoni

Mama Mbelu Ntambwe amestaafu tarehe 30 Aprili 1993, baada ya miaka ishirini na minane katika foyer, nyumba ya akina mama ya kambi yetu ya wachimba shaba hapa Kolwezi. Kwa desturi ukurasa huu wa jarida hubeba picha ya mstaafu akipokea redio au baiskeli, meno yote nje. Safari hii picha haipo. Mpiga picha wetu, Tata Tshimanga, naye ni mtu wa Kasai, na aliondoka kwa treni ile ile iliyomchukua Mama Mbelu.

Ofisi iliniomba niandike "amestaafu", nami nimeandika. Lakini kila aliye hapa anajua kwamba tangu Machi wenye asili ya Kasai, upande wa jirani, wanafukuzwa mkoani kwetu. Mama Mbelu alizaliwa kambini humu humu, baba yake alipoletwa kuchimba shaba. Kasai hajawahi kuiona.

Alianza kazi mwaka 1965 akifundisha kushona, na tuseme ukweli, vifungo vyake vilikuwa havikai. Mwendesha sinema alipohamia Tenke, wakubwa wakaona afadhali wampe yeye mashine ya filamu kuliko mashine ya kushona. Hivyo ndivyo tulivyopata sinema ya akina mama, kila Alhamisi alasiri.

Filamu zilitoka Lubumbashi zikiwa ndani ya makopo: za zamani, nyeusi na nyeupe, za kubana roho, zote kwa Kifaransa. Mama Mbelu alisimama kando ya mashine akitufasiria. Zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Kuna dada mrembo katika nyumba kubwa. Akisema ameona kitu, mumewe na daktari wanasema ana wazimu. Kisha anachukua mshumaa, anashuka ngazi peke yake.

Mkono wa yule dada ukikaribia kitasa cha mlango, Mama Mbelu alizima mashine na kuwasha taa. Ukumbi mzima ulilipuka kwa hasira. Naye, bila haraka, aliuliza: "Ba mama, uyu mwanamuke, dada yake eko wapi? Mama yake je? Bajirani bote balikufa?"

Hapo mjadala ulianza, na filamu ya saa moja na nusu ilichukua saa tatu. Tuligundua kwamba waliotengeneza filamu hizo walituonyesha shingo ya mwanamke, machozi yake na nguo yake ya kulalia, lakini hawakumpa hata rafiki mmoja wa kumsadiki. Kilio chake kilisikika ukumbini kote, ila ndani ya filamu hakuna aliyekisikia. Siku moja Mama Mbelu alimwita mjinga kwa kufungua mlango. Ernestine, muuguzi wetu, akasimama: "Hapana, mama. Uyu si mujinga. Anataka kujua, na eko na haki ya kujua." Mama Mbelu alifikiri, akakubali kushindwa. Tangu siku ile alisema kosa si kufungua, kosa ni kumwacha afungue peke yake.

Waume walinung'unika. Tata Banza, wa machimbo ya Mashamba, alikuja kushtaki: "Mi nikipandisha sauti kidogo, bibi yangu anawasha taa, anaita jirani!" Mama Mbelu alimkaribisha Alhamisi iliyofuata. Tata Banza alikaa nyuma kabisa, na mkono ulipofika kitasani, ni yeye aliyepiga kelele kuliko wote.

Kwa kuwa filamu zilitutisha, aliweka sharti moja: hakuna kurudi nyumbani peke yako. Tulitoka pamoja, tukasindikizana mlango kwa mlango. Anayeingia hufunga, kisha huita kutoka ndani, "Mi nimefika!" Kabla ya kusikia neno hilo, kundi halisogei.

Halafu kampuni ya shaba iliyumba. Mishahara ilichelewa, kisha ikapotea njia kabisa. Makopo hayakuja tena, na taa ya mwisho ya mashine ikaungua. Alhamisi haikufa. Mama Mbelu alikaa mbele ya kitambaa kitupu cha sinema, akatusimulia filamu kwa mdomo, na hadithi ikifika mlangoni aliikatiza vile vile.

Mwezi Machi vijana walianza kupita kambini wakionyesha nyumba za watu wa Kasai kwa kidole. Hapo Mama Mbelu, mwalimu wetu, alifanya lile lile alilolikataza. Hakutaka kututia hatarini. Alifunga mzigo wake kimya, akaamua kwenda stesheni peke yake asubuhi, kabla kambi haijaamka. Alipofungua mlango, alitukuta tumesimama nje. Ernestine alikuwa ametupitia nyumba kwa nyumba. Tata Banza alishika baiskeli ya kubebea mzigo. Mama Mbelu alitugombeza kwanza, kisha akalia.

Njiani vijana walitufungia barabara, fimbo mkononi. Tuliogopa. "Munaenda wapi na uyu?" Ernestine alijibu, "Tunamusindikiza mwenzetu." Walitutukana matusi ya kila aina, jiwe likavunja sufuria ya Mama Mbelu, lakini tulikuwa wengi na hatukumwachia mkono. Mwishowe walitupisha.

Alikaa stesheni wiki kadhaa, chini ya turubai, kati ya familia nyingi zilizongoja treni. Watoto walikufa pale, tukawazika. Tulimpelekea ugali kwa zamu, naye jioni aliwasimulia wengine filamu zake.

Treni ilipofika, alipanda behewa la mizigo. Mlango ulifungwa kwa nje. Sisi tulisimama kwenye kokoto, tukingoja wito wake kama tulivyozoea. Hakuita. Hakuwa mtu wa kudanganya.

Mama Mbelu, aksanti kwa Alhamisi zote. Tunakuombea maisha mema, nyumba ambayo mlango wake unafungwa kwa ndani, na majirani wenye kukusadiki. Jarida hili tutalikabidhi kwa yeyote anayesafiri upande huo. Ukifika, utuite. Sisi hatujasogea.

Godelieve Kalenga, mwalimu wa ushonaji, kwa niaba ya akina mama wa Alhamisi