Mama Chimène Lokangu Alikuwako

Mama Chimène Lokangu, ambaye leo Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025 tunamlaza ardhini, alizaliwa tarehe 3 Mei 1959 kando ya maporomoko ya Wagenya, wakati mji huu wa Kisangani ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Alikuwa mtoto wa tatu wa Papa Zacharie Lokangu, mvuvi, na wa Mama Albertine Bosenge, muuza samaki. Watu waliozaliwa pale husema kwa sauti kubwa kwa sababu maji hayanyamazi, na kama mtu anataka asikike lazima ayashinde. Mama Chimène aliondoka pale akiwa msichana, lakini sauti ile alibaki nayo. Aliposalimia mtu upande huu wa barabara, walioitikia walikuwa upande wa pili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, mwaka mbaya kuliko yote kwa mtoto wa Kisangani kuanza shule. Vita ilifunga darasa kabla hajajifunza kuandika jina lake, na familia ikakimbilia visiwani. Alirudi shuleni akiwa mkubwa kuliko wenzake, akachekwa, akavumilia, akawapita. Mwaka 1979 alipata diploma ya ualimu. Asubuhi kabla ya masomo alimsaidia mama yake kupeleka samaki sokoni, na mchana aliingia darasani na harufu ile ile. Wanafunzi wengine walimwita Mbisi, yaani samaki kwa Kilingala. Jina hilo alilichukia. Tunaomba harufu hiyo ikumbukwe, maana itarudi katika wasifu huu.

Katika miaka hiyo ya shule ndipo alipopenda muziki wa roki. Vijana wa Kisangani wakati ule walikuwa na kikundi chao, Foudres de Boyoma, yaani Radi za Boyoma, kilichopiga gitaa za umeme Jumapili mchana katika uwanja wa baa moja ya komini, yaani kata, ya Tshopo. Watu wazima waliita muziki huo makelele. Mama Chimène alisema kwamba ulikuwa muziki wa kwanza aliousikia ambao maporomoko yasingeweza kuufunika.

Jumapili tarehe 15 Agosti 1976 alitoka sokoni na beseni tupu, akapita mbele ya uwanja ule, akaingia. Alikuwa amevaa vikwembe viwili, yaani vitenge, kama mwanamke anavyovaa: kimoja chini, cha pili kimefungwa juu yake, na hicho cha juu ndicho alichokuwa ametandikia samaki asubuhi. Katikati ya wimbo mvua ilishuka. Uwanja haukuwa na paa. Maji yalianza kuingia katika ampli, lile sanduku linalokuza sauti ya gitaa, na wanamuziki walikuwa tayari kuzima kila kitu. Msichana wa miaka kumi na saba akapanda jukwaani, akafungua kikwembe chake cha juu, akafunika nacho ampli, akashuka na kuendelea kucheza na kile cha chini. Wimbo haukukatika. Kikwembe kilibaki pale pale, naye alipofika nyumbani bila kikwembe, Mama Albertine alimchapa na kijiti cha kugeuzia samaki. Huo ndio ukweli wote, na ni mfupi. Uongo ndio ulioongezwa mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1980 alianza kufundisha katika shule ya msingi moja ya komini ya Tshopo, na huko alifundisha mpaka nguvu zilipomwisha. Darasa la tano walijifunza hesabu ya kuzidisha kwa kupiga madawati: mikono miwili kwa tarakimu, ngumi moja kwa jibu. Mkaguzi mmoja aliyefika bila taarifa alidhani kuna fujo, akafungua mlango kwa hasira. Alikuta watoto hamsini wakiwa katika saba mara nane, hakuna aliyekosea. Alisimama mpaka wakamaliza jedwali, na walioketi karibu na mlango walimwona akigonga kwa kiatu.

Tarehe 10 Julai 1982 aliolewa na Papa Faustin Bolamba, fundi wa magari, mtu mpole na mpenzi wa rumba. Walipatana kabla ya harusi kwamba Jumamosi kaseti ni za bwana na Jumapili ni za bibi. Walipata watoto watatu, na watoto hao wanashuhudia kwamba mkataba huo haukuvunjwa hata siku za ugomvi. Papa Faustin alifariki tarehe 21 Februari 2009. Jumapili zikawa ndefu.

Kwa hiyo mwaka 2010 Mama Chimène alijiunga na Kundi la Wapenzi wa Roki wa Tshopo, ambalo lilikutana kila Jumapili baada ya ibada katika uwanja wa Papa Arsène, mwenyekiti wao. Umeme ukiwapo, walisikiliza kaseti. Umeme usipokuwapo, na mara nyingi haukuwapo ingawa bwawa la umeme liko hapo karibu, walikaa kwenye viti vya plastiki na kusimulia tamasha walizowahi kuziona. Kulikuwa na sheria moja, na ilikuwa sheria nzuri. Msimulizi aliyeona kwa macho yake alianza na neno "Nilikuwako." Asiyeona alianza na neno "Niliambiwa." Hivyo mtu hakuweza kuiba siku ya mwenzake.

Jumapili yake ya kwanza, Papa Arsène alisimulia siku ya mvua. Katika masimulizi yake, aliyeokoa ampli alikuwa kijana mwanamume, na aliifunika kwa koti. Mama Chimène alisubiri amalize, akasema, "Nilikuwako. Halikuwa koti. Kilikuwa kikwembe changu."

Wanaume walicheka mpaka viti vikalia. Hawakumwuliza swali hata moja. Papa Arsène alifuta machozi, akamwambia kwa upole ule unaokera kuliko tusi, "Mama, siku ile weye ulikuwa kwenu ku chutes, ku maporomoko, na mitego ya papa yako. Bon, sema niliambiwa, na sisi tuendelee."

Hakusema. Tunataka hili lijulikane na kila aliyesimama hapa. Kwa miaka kumi na mitano Mama Chimène alikwenda katika uwanja ule, akipika samaki wa kukaanga kwa ajili ya wote, na kwa miaka kumi na mitano hakuruhusiwa kusimulia siku aliyoifanya yeye mwenyewe, kwa sababu alikataa neno moja la uongo. Samaki wake waliliwa. Sufuria ilirudi tupu kila Jumapili. Lakini ilipofika siku ya mvua, zamu yake ilirukwa kana kwamba kiti chake hakina mtu. Mwanafunzi akimnyima mwenzake zamu, mwalimu humsimamisha pembeni. Hawa walikuwa watu wazima, wengine wana wajukuu.

Wakati huo koti liliendelea kukua. Likawa jipya, kisha likawa la ngozi. Mwaka 2019, katika redio moja ya mji, Papa Arsène alieleza kwamba kijana yule alikuwa kaka yake mkubwa, marehemu Merdi. Marehemu hawezi kuulizwa. Mama Chimène alisikiliza kipindi hicho jikoni huku akichambua pondu, majani ya muhogo, na alisema jambo moja tu: "Nani anavaa koti ya ngozi Kisangani, mwezi wa nane?" Kisha akazima redio. Watoto wake walimshauri aache kwenda. Aliwajibu kwamba mwenye siku yake haihami.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huu, Papa Guelord, aliyepiga gitaa la besi katika Foudres de Boyoma, alirudi Kisangani kutibiwa macho. Alikuwa ameishi miaka mingi Bafwasende, akitengeneza redio za malori, na hapa mjini wengi walidhani amekufa. Kundi lilimpokea kwa shangwe. Papa Arsène alimkalisha kwenye kiti chenye mikono, na kwa heshima yake akasimulia siku ya mvua, na koti, na ngozi, na kaka yake. Mama Chimène alikuwa pembeni akigawa samaki.

Papa Guelord alimkatiza. "Koti gani? Ile ilikuwa liputa," akasema, akitumia neno la Kilingala la kikwembe. "Tena iko na harufu ya samaki. Ampli yetu ilinuka mpaka Noeli. Paka walikuwa wanatufuata kila tunapopiga, watu wakafikiri ni wapenzi wetu."

Hakuna aliyecheka. Papa Guelord, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alinusa samaki kwenye sahani yake, akageukia upande wa mkono uliompa. "Ni weye?" akauliza.

"Nilikuwako," Mama Chimène akajibu.

Mtu angetegemea kwamba jambo lingeisha hapo. Ushahidi umetoka kwa mpiga gitaa mwenyewe, mbele ya wote, bila kuulizwa. Lakini mwenyekiti alikohoa, akapanga vidole vyake, akasema, "Bon, labda walikuwa wawili." Wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ni rahisi kumzulia marehemu koti kuliko kumpa mwanamke aliye hai haki yake. Mama Chimène alifunga sufuria yake, akaenda nyumbani. Jioni hiyo alimwambia binti yake Élise, "Nikikufa, muandike nilikuwako. Basi. Mengine muandike munavyotaka."

Ugonjwa wa kisukari alikuwa nao tangu mwaka 2021, na figo zilianza kushindwa mwezi uliofuata ziara ya Papa Guelord. Alilazwa tarehe 19 Oktoba. Kutoka kitandani alisikia vizuri, na wageni waliokuja kumtazama kwa sauti za kunong'ona aliwaomba waseme kama watu. Siku za mwisho umeme wa wodi ulikuwa unakatika, na watoto wake walimpepea kwa kipande cha katoni, katika mji ambao mto wake unatoa umeme. Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, watoto wake watatu wakiwa kando yake.

Siku iliyofuata Papa Arsène alifika matangani na karatasi yenye sentensi aliyotaka ichapwe katika wasifu huu kwa jina la kundi: "Mama Chimène alipenda sana kusikiliza kumbukumbu zetu." Tonton Félicien, mjomba wa watoto na mdogo wa marehemu, alisihi ikubaliwe, ili tusigombane mbele ya maiti. Tunamheshimu kwa nia yake njema. Lakini Élise alimrudishia karatasi yake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, akasema, "Papa Arsène, mama hakuja kwenu kusikiliza. Alikuja kusema, mukamukataza." Sentensi hiyo haimo katika wasifu huu ila kwa kutajwa hivi, kwamba ililetwa na kwamba ilikataliwa.

Alhamisi alikuja Papa Issa, mwanachama wa kundi tangu mwanzo, ambaye kila Jumapili alisimulia siku ya mvua baada ya Papa Arsène, na kila mara alianza na "Nilikuwako." Aliwapa watoto pole. Kisha alisogea mbele ya picha ya marehemu, akavua kofia yake, akasema kwa sauti ambayo waliokuwa nje waliisikia, "Mama Chimène, siku ya mvua mimi nilikuwa Kindu. Niliambiwa." Akaketi, akapewa chai, akabaki mpaka magharibi. Hatuna la kuongeza juu yake isipokuwa asante.

Marehemu ameacha watoto watatu: Élise, Trésor na Benie; mdogo wake Tonton Félicien; wajukuu saba, akiwamo Larissa anayewasomea maneno haya; wanafunzi wake wa darasa la tano, ambao leo ni mama na papa na bado wanahesabu kwa ngumi; Papa Guelord, aliyemtambua kwa pua; Papa Issa; na wanachama wengine wa Kundi la Wapenzi wa Roki wa Tshopo, ambao wamesimama pale nyuma, na ambao kaburi likifunikwa watapewa nafasi ya kusema neno. Neno lenyewe wanalijua. Sheria ni yao.

Yeye alikuwako. Mungu ampe pumziko na amani, na asimpe kimya, maana hakukizoea.