Likizo ya Mwanakombo

Bwana asifiwe, kanisa! Na asifiwe tena, maana leo nalisema neno hili kwa sauti yangu yote na hakuna anayenikanyaga mguu ninyamaze. Ndugu zangu, nimeishi mahali ambapo salamu hii tulipeana kwa mnong'ono, mapazia yamefungwa na televisheni imefunguliwa ili majirani wasisikie. Kwa hiyo nikipaza sauti kupita kiasi, nivumilieni. Nilirudi na kelele nyingi za akiba.

Wengi mnanijua kama Mama Wakesho, muuguzi wa kituo cha afya hapo chini, yule mkali wa chanjo. Mume wangu, Mwalimu Mwakio, ameketi pale nyuma na ninamwona anavyocheka, kwa sababu yeye ndiye anayejua ukali wenyewe. Leo sikuja kumgombeza mtu. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyotuokoa, mimi na mtoto wangu, kwa mkono ambao sikuutazamia.

Miaka ile ya mawakala mnaikumbuka. Kila aliyesomea uuguzi aliitwa Saudia. Mimi nilikuwa na diploma na kibarua cha mkataba, mshahara ukija umechelewa, na Wakesho, mtoto wetu wa pekee, alikuwa bado yuko shule ya msingi. Tulikaa na Mwalimu tukakubaliana: niende, nimalize nyumba, nimsomeshe mtoto, na mimi mwenyewe nisome. Nilitamani sana kuwa muuguzi wa ngazi ya juu, yule anayempima mgonjwa, akatambua ugonjwa na kumwandikia dawa, bila ya mama wa watu kukaa kwenye benchi kutwa nzima akimngoja daktari. Masomo yenyewe yalikuwa kwa mtandao. Nikasema, zamu nitafanya mchana, vitabu jioni, na familia kwa simu. Nilijiona fundi kwelikweli!

Nilianzia Riyadh. Tulikaa nyumba ya wauguzi mtaa wa Malaz, na Ijumaa, siku ya mapumziko, Wakenya wachache tuliomwamini Kristo tulikusanyika sebuleni tukaimba nyimbo zetu kwa midomo tu. Baadaye kampuni ikatuhamisha baadhi yetu Jeddah. Huko nikapangwa chumba kimoja na muuguzi wa Msambweni, pwani ya kwetu, Mwislamu, jina lake Mwanakombo.

Mwanzoni tulioneana haya. Akitandaza mswala, mimi natoka nje. Nikipiga magoti kando ya kitanda, yeye anakumbuka ana nguo za kufua. Halafu siku moja tukachoka na hizo adabu, kila mmoja akaomba upande wake kwa wakati mmoja, na ikawa hivyo. Alikuwa mtu wa utani. Aliniambia, "Wewe waomba kama watoa ripoti ya zamu. Mungu aijua wodi yake, mwanamke." Nami nilimcheka kwa sanduku lake, ambalo lilikuwa chini ya kitanda limejaa zawadi za mamake kabla hata likizo haijakaribia. Kikazi tulisaidiana kama wauguzi wote wa kule. Mwezi wa Ramadhani sisi Wakristo tulichukua zamu ndefu, wenzetu waliofunga wakapumzika. Krismasi wao walitushikia.

Basi nikawa naendesha nyumba ya Taita nikiwa Jeddah. Mwalimu alikuwa akiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nami naona meza, naona sahani, nauliza mbona mtoto hali mboga. Kazi ya shule nilitumiwa picha, nikasahihisha. Ijumaa tulikwenda mtaa wa Sharafiya na Mwanakombo kutuma pesa nyumbani na kula pilau ya bei nafuu, kisha yeye huyo madukani, mimi nikarudi kwa vitabu. Kila aliyeniuliza habari za nyumbani nilimwambia wako sawa. Na wao waliponiuliza, mimi pia nilikuwa sawa. Nilianguka somo moja, nikasema niko sawa. Nililazwa na homa, nikasema mtandao ulikuwa mbaya. Ndugu zangu, nyote mlio na mtu ng'ambo mnaijua desturi hii! Aliye mbali haambiwi mabaya, na yeye hasemi mabaya. Tunaita hayo mapenzi.

Muhula mmoja tukawa tunasoma magonjwa ya watoto. Nikafika kisukari. Nikaziweka dalili kichwani vizuri kabisa: mtoto ana kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara, anakonda huku anakula. Na jioni nikipiga simu namwona Wakesho kwenye kioo, kikombe cha maji mkononi, anamaliza anamimina kingine. Mimi muuguzi, mimi mwanafunzi wa hayohayo, nikamwambia, "Vizuri mwanangu, maji ni afya." Nikamwona shingo imerefuka, nikamwambia anakuwa msichana mkubwa. Kwenye kioo kidogo namna ile unaona sura ya mtoto, mwili wake huuoni. Naumia kulisema jambo hili hata leo.

Kisha kwa muda simu zikawa fupi. Wakesho amelala. Wakesho ameenda kwa shangazi. Mimi nilikuwa na mtihani mbele, nikashukuru kupata nafasi ya kusoma. Hatimaye siku moja, katikati ya kazi, simu ikalia, na ilikuwa Mwalimu. Yeye hakuwa mtu wa kupiga, mimi ndiye niliyepiga siku zote. Nikajua kabla sijapokea.

Alikuwa akilia. Akasema, "Mama Wakesho, nimeshindwa kuficha." Mtoto alikuwa amekwisha kulazwa mara moja, akapimwa, akaanzishiwa sindano za insulini. Walirudi nyumbani. Hatuna friji, kwa hiyo dawa aliitia kwenye chungu cha mchanga wenye maji, kama alivyoelekezwa hospitalini. Kila asubuhi alimdunga yeye mwenyewe, mwalimu wa hesabu ambaye hata kuku hajawahi kuchinja. Lakini siku hiyo mtoto alidungwa akakataa kula, sukari ikashuka, akaanguka jikoni. Wakamkimbiza Mombasa. Alikuwa hai, ila hajitambui vizuri. "Tulionelea tukwambie ukishamaliza mtihani," akasema. "Sasa naogopa. Wakinirudishia huyu mtoto nitamwua kwa mkono wangu."

Nikaenda moja kwa moja kwa metroni, mkuu wetu wa wauguzi, na kanzu ya kazi vilevile. Pasipoti zetu zilikuwa kwa kafili, ndiyo kampuni iliyotuajiri, na bila saini yake hutoki nchini ng'o. Metroni hakuwa mtu mbaya. Alinipa maji, akaniacha nilie. Kisha akanionyesha orodha ya likizo ukutani. Idi imekaribia, nafasi zote za likizo zimekwisha kugawiwa, wodi haiwezi kupungukiwa na mtu mwingine. "Mafi likizo," akasema, yaani hakuna. "Baada ya Idi, inshallah. Halas, imekwisha." Nikamwambia ni mtoto wangu wa pekee. Akasema ananiombea.

Ndugu zangu, nilirudi chumbani nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza sikutoa ripoti yoyote. Nilisema tu, Bwana, mlegeze moyo mama yule. Bwana, mfungue. Nilisema hayohayo mpaka sauti ikakauka. Na niwaambie ukweli, kanisa: moyo wa metroni haukulegezwa. Hakupiga simu, hakubadilisha neno.

Mwanakombo aliingia akanikuta sakafuni. Nikamweleza. Alikaa kitandani kwake, bado na baibui. Halafu akainama, akalivuta lile sanduku.

"Chukua likizo yangu," akasema.

Nikamwambia aache mchezo. Nilijua hajaenda kwao tangu aje. Nilijua mamake alikuwa amepaka chokaa nyumba kwa ajili ya Idi hiyo, kwa sababu habari hiyo tulikuwa tumeisikia chumbani mpaka tukaichoka. Akaniambia, "Mamangu ananingoja ni mzima. Mwanao hawezi kungoja. Inuka, yalla, kabla ofisi haijafungwa."

Tukaenda wawili. Metroni alitutazama, mmoja hadi mwingine. Akamwuliza Mwanakombo, huyu ni ndugu yako? Hapana. Ni wa dini yako? Hapana. Basi kwa nini? Mwanakombo akajibu, "Madam, huyu ni mtu wa kwetu." Metroni akachukua kalamu, akakata jina moja, akaandika jingine.

Haleluya! Nilikuwa nikigonga mlango wa ofisi, kumbe Mungu amekwisha kufungua mlango wa chumba changu mwenyewe. Kwa karo ya muhula nikanunua tiketi, na mtihani nikauacha. Mwanakombo akanipa sanduku. "Mpelekee mamangu siku ya Idi," akasema. "Nitampigia simu nimweleze."

Nilimkuta Wakesho hospitalini Mombasa, ameamka. Mifupa mitupu, lakini ameamka! Alinitazama akasema, "Mama, si una mtihani?" Hilo ndilo lililokuwa la kwanza mdomoni mwa mtoto wangu. Nikamwambia mtihani wangu ni wewe. Nikakaa pale. Nikamfundisha Mwalimu kupima sukari kwanza, chakula kiwe mezani, ndipo sindano. Nikamfundisha Wakesho kujidunga mwenyewe, na alijidunga vizuri kuliko babake, ambaye alikuwa akifumba macho. Tulicheka wodini, watatu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

Siku ya Idi nikaenda Msambweni na sanduku. Nyumba ilikuwa nyeupe kweli, chokaa mpya, na mkeka umetandikwa barazani. Gari liliposimama nikashuka, na mama mmoja mwembamba akatoka mbio, leso mpya, udi unanukia. Akanikumbatia vizuri. Halafu akachungulia nyuma yangu, ndani ya gari. Akazunguka upande wa pili akachungulia tena.

Ndipo nikaelewa. Mwanakombo hakumwambia. Alishindwa. Alimwacha mamake afurahie matayarisho.

Ndugu zangu, nimewahi kuwaambia watu habari za msiba hospitalini, lakini sijawahi kuwa na maneno mazito kama yale. Ningeweza kusema amechelewa ndege. Ningeweza kusema anakuja kesho. Nilichoka na hayo. Nikamshika mikono nikamwambia, "Mama, hakuja. Mwanangu alikuwa mgonjwa, akanipa nafasi yake. Mimi ndiye niliyekuja mahali pake. Nisamehe."

Akakaa kwenye mkeka, nami nikakaa. Machozi yalimtoka, hakuyaficha, na mimi sikumwambia asilie. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto hajambo?" Nikasema yuko hai. Akasema alhamdulillahi. Akafungua sanduku, akapitisha mkono juu ya kila kitambaa, akafika kwenye chupa ya maji ya zamzam, maji ya baraka ya Makka, ambayo bintiye alimwekea. Akaingia ndani, akarudi na chupa ndogo, akamimina nusu. "Mpelekee mgonjwa," akasema. Nusu nzima! Hakuna sadaka iliyowahi kunishinda kuipokea kama ile.

Nilirudi Jeddah kumaliza mkataba, kwa sababu nyumba na dawa havikungoja. Lakini sheria ilibadilika kwetu. Jioni tukipigiana simu, kwanza kila mtu anasema linalomwuma, ndipo habari za mboga. Wakesho akinionyesha kipimo kibaya hanifichi, nami nikianguka somo nasema nimeanguka. Masomo niliyamaliza polepole, na leo ninyi ni mashahidi wa kazi ya mikono yangu. Wakesho ndiye yule mrefu wa kwaya, safu ya pili. Simama, mwanangu, wakuone. Haya, keti.

Mkataba ulipokwisha, likizo ya Mwanakombo nayo ilikuwa imefika, na tukapanda ndege moja. Nilimsindikiza mpaka Msambweni. Nyumba imepakwa chokaa tena. Mama yule alikuwa barazani, na safari hii hakukimbia. Alisimama tu, ameshika nguzo, kama mtu anayeogopa kuchungulia. Nikamwambia Mwanakombo, shuka wewe kwanza. Mimi nikabaki ndani ya gari nikaomba, kwa mnong'ono, kama Malaz.

Nakushukuru, Bwana, kwa njia zako ambazo sikuzipanga. Na wewe uliyekaa hapa leo, unayemwomba Mungu akufungulie mlango mmoja tu ulioukazia macho, mtumaini hata huo usipofunguka. Geuka, utazame kitanda cha pili. Na mwenye mtu wa mbali, mkitoka ibadani mpigie simu umwambie ukweli wa nyumbani kwenu. Mpigie leo. Usingoje amalize mtihani.