Ulimi wa Kuazima

Waliokuwapo barazani, mtaa wa Mkomani, kisiwani Amu, Jumatano ile baada ya sala ya alasiri, ni hawa. Wa kwanza, Bwana Fadhil bin Abubakr, aitwaye Hakimu, ingawa kazi aliyostaafu nayo ni ukarani wa mahakama na hakupata kumhukumu mtu yeyote. Wa pili, Bwana Shuaib bin Madi, aitwaye Redio, na sababu yake itajidhihirisha. Wa tatu, Bwana Wazir bin Athman, mshona kofia, umri wake miaka themanini na mmoja, aitwaye Kimya; alikuwa na sindano mkononi na kofia isiyokwisha juu ya goti. Wa nne, Dawud bin Shee, muuza kahawa, ambaye hana jina la utani kwa kuwa ndiye anayewapa wenziwe. Wa tano na mdogo wao, Kamaludin bin Omari, aitwaye Shefu, mpishi katika hoteli moja ya Manda, kisiwa cha ng'ambo. Huyu alipakata bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake mlikuwa na mahamri ambayo aliyakanda mwenyewe, akayakaanga mwenyewe, wala hakuyaonja.

Hakuyaonja kwa sababu hawezi. Miaka miwili nyuma Kamaludin alikonda, tumbo likawa halimpi raha, hata daktari mmoja wa Mombasa akampima na kumwambia kwamba mwili wake haukubali ngano. Katika ngano mna kitu kiitwacho gluteni, na kwake yeye kitu hicho huchubua utumbo, hata kikiwa chembe. Tangu hapo mamake, Bi Esha, alimtengea chungu, mwiko na kikaango, akavifunga uzi mwekundu ili asije mtu akavichanganya na vingine. Nyumbani Kamaludin hula wali, muhogo, samaki na mkate wa kumimina. Vitumbua ni vya mchele, lakini navyo huviacha ikiwa mafuta yake yalitangulia kukaanga mahamri. Tabu ilikuwa nje ya nyumba, ambako kila mwenyeji alimwambia, "Kidogo tu, hakidhuru." Katika arusi ya binamu yake Huwaida alikula nusu sambusa ili asimvunje mtu moyo, akalala kitandani siku nne.

Kupika hakuacha. Mikono yake iliujua unga, na macho yake yaliijua hamri iliyofura vizuri. Lakini chumvi haionekani kwa macho. Kwa hiyo wiki mbili sasa alikuwa akivuka na bakuli kila alasiri, na baraza nzima ikawa ulimi wake. Kila alasiri baraza ilimwambia, "Tamu, mashaallah." Na asubuhi yake wageni wa hoteli waliyarudisha mahamri yakiwa na pigo moja la meno.

— Mabwana, alisema Kamaludin akifunua bakuli, yeo nawaomba mnambie kweli.

— Lini tulikwambia urongo? akauliza Redio, na mkono umeshafika bakulini.

— Asubuhi Bi Kagendo ameniita.

Bi Kagendo ni mkuu wa jiko kule hotelini, mtu wa Meru, asiyepaza sauti.

— Amesema nini?

— Amesema Jumamosi ataonja mwenyewe. Mahamri yakiwa kama haya yanayorudi, jiko la asubuhi atampa Rayyan, mpishi wa samaki, na mimi nitachoma samaki. Na akaniambia nifikiri vizuri kama kazi hii ni yangu.

Hakimu alitafuna polepole, kama mtu anayesoma hati.

— Mbona haya ni matamu?

— Matamu sana, akasema Redio. Mashaallah. Labda wageni wenyewe ndio wabovu.

— Onja uteme, akasema Dawud, akimimina kahawa. Si lazima umeze.

— Nilipata kufanya hivyo wiki nzima, Dawud. Tumbo liliniuma wiki nzima.

— Basi kaanga ya mchele.

— Ya mchele hayafuri. Mgeni amevuka bahari kuja kula mahamri ya Amu, nimpe tofali?

Kamaludin alimtazama Bwana Wazir, ambaye alichukua hamri moja, akaiuma pembeni, akaiweka juu ya ukingo wa baraza, akarudia kushona.

— Tusishughulike na tawi, tushike shina, alisema Hakimu. Swali ni hili: maradhi haya umeyatoa wapi? Mimi nasema ni ya Wazungu. Umeyapata kwa kuwaoshea sahani.

— Sioshi sahani, Bwana Fadhil. Napika.

— Basi kwa kuwapikia. Mvuke hupanda kwao, ukashuka kwako.

— Hakimu, hiyo si kesi, akasema Redio. Sikizani. Ngano hii inakuja na meli. Melini hutiwa dawa ili dudu wasiile. Dudu akiila hufa. Huyu ameila hakufa, ameumwa tumbo tu. Kwa hivyo tumbo lake lina nguvu kuliko la dudu, na yafaa ashukuru.

— Na mimi je? akauliza Hakimu. Naila kila siku, siumwi.

— Wewe dawa imekuogopa.

Dawud alicheka hata birika likamtikisika.

— Nyinyi nyote mwapotea ndia, alisema. Tatizo ni Manda. Manda hakuna mai matamu. Ngano hupenda mai matamu. Huyu anashinda Manda kila siku, tumbo lake limeshakuwa la Manda. Likiona ngano, lasema, huyu mgeni hana mai ya kunywa, arudi alikotoka.

— Na mchele je? Mchele haunywi mai? akauliza Hakimu.

— Mchele umezowea tabu.

— Si Manda, akasema Redio, ambaye hapendi kushindwa na muuza kahawa. Ni jini. Kule Chundwa alikuwako bibi mmoja, Mwanamkisi binti Bakari, jini lake halikutaka kuku mweupe. Akimtazama tu kuku mweupe, huanguka. Hili la Kamaludin halitaki ngano. Aliulize lataka nini.

— Lataka wali, alijibu Kamaludin. Nalipikia kila siku, na bado Bi Kagendo ataka kuninyang'anya jiko.

— Basi nawapa hukumu, alisema Hakimu, akaweka kikombe chini. Kila mja huzaliwa na fungu lake la ngano. Limepimwa. Mimi nilikiona kijana hiki kikiwa kidogo, kikipita hapa asubuhi kwenda chuo cha Kurani na mahamri manane kifuani. Manane! Amelimaliza fungu lake akiwa na miaka ishirini na mitano. Hakuna maradhi hapo. Ni hesabu.

— Ikiwa ni hivyo, Hakimu, wewe fungu lako lilishushwa kwa jahazi mbili, akasema Dawud.

Wakacheka wote isipokuwa wawili. Kamaludin hakucheka kwa sababu Jumamosi ilikuwa imebakisha siku tatu. Bwana Wazir hakucheka kwa sababu alikuwa akitia uzi tunduni, na kwa macho yake kazi hiyo ilimtaka mtu mzima.

Wakati huo akapita Mwalimu Bochaberi, mtu wa Kisii, aliyehamia nyumba ya mkabala mwezi uliopita. Nyuma yake alikuja punda na mizigo ya mchanga, na kichochoro ni chembamba, kwa hiyo ikambidi asimame karibu na baraza punda apite.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Bi Mwalimu. Karibu hamri. Kahawa je?

Alichukua moja kwa adabu, akaiuma, akatafuna kwa muda mrefu kidogo. Kisha akauliza ni sherehe gani. Hakimu akamweleza kwa utaratibu: kijana huyu ni mpishi, ngano inamdhuru, hawezi kuonja, basi wao wazee wanamwonjea.

— Aa, kumbe. Tangu lini?

— Wiki mbili kamili.

— Na katika hizo wiki mbili, kuna siku hata moja mlimwambia ni mbaya?

Alikuwa anauliza tu. Hapakuwa na kejeli. Lakini Redio alitazama ndia iendayo pwani, kana kwamba kuna mtu anamwita huko. Hakimu aliokota kikombe chake akakikuta kitupu. Dawud alianza kusuuza vikombe ambavyo alikuwa amekwisha kuvisuuza. Punda alipita, Mwalimu Bochaberi akaaga, akaingia nyumbani kwake. Swali lilibaki pale barazani.

— Bwana Fadhil, alisema Kamaludin baadaye. Hata siku moja?

Hakimu alijikohoza.

— Mwanangu, sisi tumefunzwa chuoni. Chakula ukikipenda ule, usipokipenda uache. Kukitia ila na kasoro si adabu. Mtu amekuletea bakuli kwa mkono wake, umwambie halina chumvi? Mimi sikulelewa hivyo.

— Kwa hiyo halina chumvi?

— Sikusema hivyo. Nimetoa mfano.

Kamaludin hakukasirika. Aliwajua hawa wazee tangu hajajua kufunga kikoi, na alijua kwamba walimwambia "tamu" kwa kumpenda. Maneno yale mawili, ule na uache, ndiyo yaliyomkaa kichwani. Akageuka kutazama ukingo wa baraza. Hamri ya Bwana Wazir ilikuwa pale pale, imeumwa pembeni. Jana pia ilibaki hivyo hivyo. Juzi pia. Muda wote huo Kamaludin alidhani ni meno. Ila Jumapili Bwana Wazir aliimaliza yake. Na Jumapili ile mashua ya hoteli ilichelewa, Kamaludin akafika jikoni saa mbili baada ya wakati wake, na unga aliokuwa ameukanda jana yake ukawa umemngoja.

Alihama alipokuwa ameketi, akaenda kukaa karibu na mzee.

— Bwana Wazir, Jumapili uliimaliza.

— Niliimaliza.

— Na hii ya yeo?

Bwana Wazir alichoma sindano ndani ya kofia ili isipotee.

— Waniuliza kama mwenye chakula, au kama mwanafunzi?

— Kama mwanafunzi.

— Kama ni somo, basi si ila. Iliki umeitwanga na maganda yake, ndiyo maana yaacha uchungu nyuma ya ulimi. Chumvi huna. Watu hudhani hamri ni sukari. Bila chumvi, sukari hulala. Na unga unauharakisha. Jumapili hukuuharakisha.

Redio alikuwa amefungua mdomo. Ni mara chache mtaa umemwona hivyo bila ya sauti kutoka.

— Umeyajuaje haya, Kimya? akauliza Redio hatimaye.

— Marehemu mke wangu, Bi Ruba binti Salim, alikaanga mahamri mlangoni pale kwa miaka thelathini na minne. Iliki nikitwanga mimi.

— Na wiki mbili zote hizi hukusema neno?

— Nafasi ulikuwa nayo wewe.

Kamaludin alitoa kalamu. Mzee akamwelekeza: chumvi ishikwe kwa vidole vitatu, mara mbili kwa kila kibaba cha unga, isipimwe kwa kijiko cha hotelini, iliki ichambuliwe maganda kwanza, tui liwe vuguvugu, mkono ukiingia usijue kama ni joto au baridi, na unga uachwe mpaka ukiubonyeza usirudi haraka. Alisema hayo yote mara moja, bila ya kurudia. Kisha akachomoa sindano.

— Na kuanzia kesho, aliongeza, nitakuambia. Lakini niulize kama leo ulivyoniuliza.

Alhamisi Kamaludin alivuka na bakuli lake, akauliza kama alivyofundishwa. Bwana Wazir alikula robo tatu, akasema chumvi sasa ipo, lakini tui lilikuwa la moto mno. Hakimu alisema tamu, mashaallah, na mara hii Kamaludin alimshukuru bila ya kuandika kitu.

Ijumaa, baada ya alasiri, Bwana Wazir aliuma, akatafuna, akauma tena. Watu wote barazani walimtazama mdomoni, hata Dawud akasahau kumimina. Akaimaliza. Akapangusa vidole kwa kitambaa, akanyoosha mkono bakulini, akachukua ya pili.

— Somo limekwisha? akauliza Kamaludin.

— Hili la mahamri limekwisha. Wiki ijayo niletee sambusa.

Jumamosi, saa moja ya asubuhi, Bi Kagendo alisimama mbele ya sinia akaonja. Alichukua nyingine, akaenda nayo dirishani, akala akitazama nje. Aliporudi alimwambia Rayyan aendelee na samaki, akamwambia Kamaludin kwamba jiko la asubuhi ni lake. Halafu akamuuliza, kwa sauti ile ile ya chini, ni nani aliyemwonjea.

— Bwana Wazir bin Athman, wa Mkomani.

— Mwambie asante. Na mwambie sambusa nazo zina tatizo.

— Ameshasema nizilete.

Kamaludin alichagua mahamri sita yaliyofura kuliko yote, akayafunika. Zamu yake ilipokwisha alivuka kwenda Amu, akapanda kutoka gatini hadi Mkomani, amelishika bakuli kwa mikono miwili. Barazani alimkuta Bwana Fadhil na Bwana Shuaib wamekaa wamevaa kanzu. Dawud hakuwa na birika.

— Keti, Kamaludin, alisema Bwana Shuaib, wala hakuongeza neno.

Bwana Wazir bin Athman alifariki Jumamosi hiyo, saa nne ya asubuhi, nyumbani kwake. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri.