Ng'ombe Aliyeandikwa Mali ya Kanisa

Mnanichosha. Kila mgeni akifika Nyamiaga anaambiwa, kamuulize bibi habari ya ng'ombe wa Kwandu, kana kwamba mimi nimesomea sheria. Haya. Kanisa la Mlima Safi liligombana lenyewe: viongozi wake wa taifa walisema jengo letu ni lao, wa mkoa wakasema ni lao, wakapelekana mahakamani. Likatoka zuio, mali yoyote isiguswe mpaka hukumu. Siku karani alipokuja kuorodhesha mali, ng'ombe wa Kwandu, mjane wa Kisukuma, alikuwa anakula majani kwenye ua wa kanisa. Protasi, mwenyekiti wa mkoa, aliona orodha yake fupi, akasema: andika na ng'ombe mmoja. Geti likapigwa kufuli. Mlinzi alimtupia majani. Kumkamua aliogopa jela. Siku ya tatu kiwele kimevimba, ng'ombe analia, na Kwandu amekaa kwenye benchi la Irakoze, muuza kahawa, huku wanaume wanabishana.

— Kisheria ng'ombe ni wa taifa, alisema Thobias, waliyemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mara moja. Ua wa taifa, majani ya taifa.

— Majani yameota Nyamiaga! alifoka Abeli, jina la kijiweni Katiba, maana katiba ya kanisa haimtoki mfukoni. Ni wa mkoa. Kifungu cha tisa.

— Kinasemaje?

— Ukurasa wake umechomoka.

— Ng'ombe ni wangu, alisema Kwandu.

— Mama, subiri kwanza. Hapa tunajadili mamlaka.

— Na mimi najadili chuchu. Zinaharibika.

— Basi zigawanywe, alisema Wakili. Mbili taifa, mbili mkoa.

— Na mkia?

— Mkia usubiri rufaa.

Irakoze alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kwandu hakucheka.

— Mnajua ninavyoona mimi? Katiba alishusha sauti. Huyo ng'ombe alipandikizwa. Aingie uani siku ile ile ya karani? Katumwa na makao makuu!

— Nilimfunga mimi, kwa kamba yangu! Miaka mitano namfunga pale, na wewe Abeli maziwa yake umekunywa.

— Una maandishi?

Nani huandikiana na ng'ombe?

Hapo akafika Happy, muuza ndala kutoka Biharamulo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alitua mzigo, akasikiliza.

— Huyo analia maziwa. Ndama wake yuko wapi?

Katiba akapekua kurasa zake.

— Yuko kwangu, alisema Kwandu taratibu. Hawakumwandika.

Akainuka, kahawa akaiacha.

Kesho yake karani aliitwa, Kwandu akamleta ndama, geti likafunguliwa. Ndama alimpita mlinzi miguuni, akakipiga kiwele kichwa, na ng'ombe akamlamba mgongo wote. Karani akamgeukia Protasi: mama ni wa kanisa, mtoto kalala kwa nani? Ng'ombe akafutwa kwenye orodha.

Kesi yao ya mamlaka ingali inazunguka. Lakini chuchu moja ilikuwa imeshakufa, na wazee wa kijiji wakamkalisha Protasi, wakamtoza fidia. Alilipa mtamba wake mwenyewe. Alimkokota mchana kweupe, akapita mbele ya benchi bila kusalimia mtu, na Kwandu aliinama, akahesabu chuchu zote nne, ndipo akapokea kamba.