Fundi Dunstan Mhina, Aliyeyafuata Magari Aliyoyatengeneza

Marehemu Dunstan Benedicto Mhina alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, hapa Mkumbara, mtoto wa tatu wa mzee Benedicto Mhina, aliyekuwa mkata mkonge. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake, Joyceline. Mnaonijua mnajua nina mdomo. Leo nitajitahidi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, 1974 hadi 1980. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaenda Handeni kujifunza ufundi bodi, yaani kunyoosha magari yaliyobondeka, kwa mzee Julius. Pale alifundishwa kwamba chuma kikipinda unakichoma kwa gesi, unakigonga, kinanyooka.

Mwaka 1993 alifungua gereji yake Manundu, Korogwe. Gari liliingia limebondeka, likatoka hata mwenyewe hajui liligongwa wapi. Tarehe 21 Septemba 1996 alifunga ndoa na wifi yangu Edna, wakajaliwa watoto wawili, Jonathan na Benedicto. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko, tena sauti ya kaka ndiyo iliyokuwa juu.

Mwaka 2018 alialikwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya siku tano ya mafundi bodi. Huko akaoneshwa maelekezo ya waunda magari wenyewe. Yalisema kwamba nguzo ya mlango ya magari ya siku hizi ni chuma cha aina yake. Ikipinda haichomwi moto, inakatwa pale walipoelekeza na kuwekwa mpya. Ukiichoma itanyooka vizuri tu, lakini nguvu imekwisha, na gari likigongwa tena ubavuni aliyemo ndani hana kinga.

Kaka alirudi hali chakula. Nilimkuta gereji na daftari la kazi mapajani. Akaniambia, "Joyce, kuna magari kumi na saba nimeyachoma hivyo." Nikamjibu, "Kaka, hukujua. Nyamaza, nani atakuuliza?" Mungu anisamehe. Akasema, "Sikujua, lakini sasa najua."

Akaanza kuwafuata wenye magari kwa pikipiki, kijiji kwa kijiji, akiwaomba akate nguzo ile na kuweka mpya, bure. Mzee Muhidini wa Kwedizinga alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Fundi, gari linatembea, linabeba mahindi, nawe unataka kulikata? Umerogwa?" Kaka alirudi kwake mara nne. Mara ya nne mzee alimpa funguo, akasema amechoka kumpikia chai. Mzee Muhidini yuko hapa leo, shikamoo mzee.

Mafundi wenzake mjini walisema Dunstan anajipaka matope mwenyewe. Na kweli wateja walikimbia. Nani ampelekee gari fundi anayetangaza kwamba alikosea? Miezi minane gereji ilikuwa kimya, wifi akawa anauza vitumbua stendi. Nilimgombeza kaka sana wakati ule. Hakuwahi kunijibu vibaya.

Tangu hapo hakugusa gari kabla ya kusoma maelekezo ya waliolitengeneza. Na kwa kuwa maelekezo hubadilika, aliyasoma upya hata kwa gari alilolizoea. Fundi mwenzake pale gereji, Munira, alimfasiria Kiingereza cha maelekezo hayo waliyoyasoma kwenye simu, wakibishana neno moja hadi chai inapoa. Bampa la gari langu, lenye vile vijicho vya kupimia umbali, lilikaa kwake wiki tatu kwa sababu rangi ikizidi unene vijicho havioni. Nilikwenda harusini Tanga kwa basi, nimenuna njia nzima. Wifi naye alipomwomba anyooshe mfuniko wa sufuria, alimwambia, "Subiri mama Jonathan, tutafute kwanza kitabu chake." Jamani, kaka huyu!

Februari 2025 alipata kiharusi. Alitibiwa Korogwe, akapata nafuu, akaanza hata kuketi gerejini akimwangalia Munira. Mwanzoni mwa Juni hali ilibadilika. Jumamosi jioni aliniuliza, "Joyce, ile pikapu ya bluu?" Nikamwambia, "Kaka, achana na magari, pumzika." Alifariki kesho yake, Jumapili, tarehe 8 Juni, saa tatu asubuhi. Jibu lile linaniuma hadi sasa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na Munira, aliyemwita binti yake.

Ndugu waombolezaji, desturi yetu kabla ya kuaga ni kuuliza kama yupo anayemdai marehemu. Tumeuliza, hakuna aliyejitokeza. Lakini sisi wa nyumbani tunajua yupo mmoja, ila mwenyewe hajui kwamba anadai. Katika magari kumi na saba kaka aliyapata kumi na sita. La mwisho ni pikapu ya bluu iliyokuwa ya mwalimu Sabiri wa Kang'ata. Iliuzwa mnadani Handeni mwaka 2017, na kaka aliitafuta miaka saba. Nguzo ya mlango wa kushoto ndiyo iliyochomwa. Namba zake zimechapwa nyuma ya ratiba mliyoshika. Ukiiona, mwambie mwenyewe asiogope, hatalipa chochote. Aje Manundu, amuulize Munira. Na kama njia ni mbali, anipigie simu mimi, nitaifuata.

Kaka Dunstan, pumzika kwa amani. Pikapu tunaitafuta.